James Murray na karani aliyemkosoa

Katika kila kazi ifanywayo na watu wengi kwa pamoja, iwe ni kutunga kitabu cha shule, kujenga daraja au kuandaa mtaala, kuna saa moja ambayo aghalabu huamua hatima ya kazi nzima. Hiyo ni saa ambapo mmoja wa wahusika huona kosa katika kazi ya mwenziwe. Akinyamaza, kosa hupita, likaenda kumdhuru mtu asiyekuwamo chumbani. Akisema, hujiweka katika hatari ya kuitwa mjuaji, mwenye kijicho au mkosa adabu. Wengi wetu tukiyapima hayo mawili huchagua kunyamaza, na kimya hicho tukakipa jina zuri la heshima.

Mimi ni mwanaisimu, na kazi za taaluma yangu, hasa kamusi na vitabu vya sarufi, si za mtu mmoja. Nimepata kuketi katika majopo ya uhariri ambamo mswada ulisifiwa na kila aliyekuwa mezani, kisha makosa yake yakachambuliwa kwa ustadi mkubwa kwenye ngazi, wakati wa chai, mwenye mswada akiwa hayupo. Jambo hili limenifanya nimfikirie mara kwa mara mtu mmoja ambaye maisha yake, kwa maoni yangu, ni somo kamili juu ya namna ya kukosoa na kukosolewa. Mtu huyo ni James Murray, mhariri mkuu wa ile kamusi kubwa ya Kiingereza inayojulikana kwa jina la Oxford. Amekwisha kufa zaidi ya miaka 100, lakini tatizo alilokabiliana nalo lingali hai miongoni mwetu.

Murray alizaliwa tarehe 7 Februari, 1837, katika kijiji cha Denholm, karibu na mji wa Hawick, kusini mwa Uskoti. Baba yake alikuwa mshona nguo wa kijijini. Fedha za kumwendeleza kimasomo hazikuwapo, hivyo akaacha shule akiwa na umri wa miaka 14. Kuacha shule, hata hivyo, hakukuwa kuacha kusoma. Kijana huyu alijifunza lugha moja baada ya nyingine, akachunguza mawe, mimea na magofu ya kale, na akiwa na umri wa miaka 17 akawa mwalimu msaidizi mjini Hawick. Miaka mitatu baadaye alikuwa mwalimu mkuu.

Yamkini angeishi na kufa akiwa mwalimu wa mji mdogo, lau si msiba. Mkewe wa kwanza, Maggie, aliugua kifua, na mtoto wao wa pekee akafariki angali mchanga. Kwa ushauri wa madaktari, Murray alihamia London mwaka wa 1864 akitafuta hali ya hewa isiyo kali kama ya kwao. Huko akawa karani wa benki. Mkewe alifariki mwaka uliofuata. Mwaka wa 1866 Murray aliomba kazi katika Makumbusho ya Uingereza, na katika barua yake akaorodhesha lugha nyingi alizozifahamu kwa viwango mbalimbali. Kazi hiyo hakuipata. Mwaka wa 1867 alimwoa Ada Ruthven, mwanamke aliyekuja kuwa nguzo ya maisha yake yote na mama wa watoto wake 11. Mwaka wa 1870 akarudia kazi ya ualimu, safari hii katika shule ya Mill Hill, kaskazini mwa London.

Wakati huo alikuwa amekwisha kujiunga na Chama cha Filolojia, jumuiya ya wapenzi wa taaluma ya lugha. Mwaka wa 1873 alichapisha kitabu juu ya lahaja za kusini mwa Uskoti, na kitabu hicho kikampatia heshima kubwa miongoni mwa wanafilolojia. Ni vyema msomaji aishike picha hii: mtoto wa mshona nguo, karani wa zamani wa benki, mtu ambaye elimu yake kubwa aliipata kwa kujisomea usiku. Picha hii itatusaidia kuelewa alichokifanya baadaye, alipokosolewa na karani mwingine.

Chama cha Filolojia kilianza kuzungumzia haja ya kamusi mpya mwaka wa 1857. Nia ilikuwa kukusanya kila neno la Kiingereza na kuonyesha, kwa mifano kutoka katika maandishi, jinsi maana yake ilivyozaliwa, ikakua na pengine ikafa. Mhariri wa kwanza, Herbert Coleridge, alifariki mwaka wa 1861 akiwa na umri wa miaka 30 tu. Aliyemrithi alikuwa Frederick Furnivall, mtu wa vipaji vingi na ulimi usio na breki.

Yafaa nimtaje Furnivall kwa kituo kidogo, kwa kuwa yeye ni mfano wa upande wa pili wa jambo hili. Hakuogopa kumkosoa mtu yeyote. Lakini ukali wake uliielekea nafsi ya mtu kuliko kazi yake. Alianzisha chama cha kumchunguza Shakespeare mwaka wa 1873, kisha akaingia katika ugomvi na mshairi Swinburne, ugomvi ulioshuka hadi kila mmoja kuligeuza jina la ukoo la mwenzake liwe tusi. Mwaka wa 1881 wanachama kadha mashuhuri walikihama chama hicho kwa kuchoshwa na matusi. Utafiti juu ya Shakespeare haukupata faida yoyote katika majibizano yale. Wako wenzetu wanaodhani kwamba kusema ukweli mchungu ni kumtweza mtu mbele ya kadamnasi. Hasha! Furnivall alikuwa mkali, lakini wahusika walipotoka chumbani hakuna aliyejua ni mstari upi wa kazi uliohitaji kurekebishwa.

Katika mikono ya Furnivall kazi ya kamusi ilizorota. Tarehe 1 Machi, 1879, mkataba ulitiwa sahihi baina ya chama na matbaa ya Chuo Kikuu cha Oxford, na Murray akakabidhiwa uhariri. Ilitarajiwa kwamba kazi ingechukua miaka 10. Furnivall alimletea shehena ya vikaratasi vilivyokusanywa na wasomaji wa kujitolea kwa zaidi ya miaka 20. Uzito wake ulikadiriwa kukaribia tani 2. Katika gunia moja mlikuwa na panya mfu. Katika jingine mlikuwa na panya hai na watoto wake. Vikaratasi vya herufi H vilikuwa Italia. Sehemu ya vikaratasi vya herufi P ilipatikana katika banda la farasi huko Ireland, na vingi miongoni mwavyo vilikwisha kutumiwa kuwashia moto.

Murray alijenga kibanda cha mabati karibu na shule yake, akaweka humo vishubaka 1,029 vya kupangia vikaratasi, na kibanda hicho akakiita Scriptorium, yaani chumba cha waandishi. Alipoanza kupanga aligundua kasoro iliyo kubwa kuliko ile ya panya. Wasomaji walikuwa wameyakimbilia maneno adimu na kuyapuuza ya kawaida. Kwa neno moja la kale lisilotumika tena, abusion, vilikuwako vikaratasi vipatavyo 50; kwa nduguye abuse, linalotumika kila siku, havikutimia hata 5.

Hapa twaona kwa mara ya kwanza jinsi mtu huyu alivyokosoa. Hakuficha. Aliieleza kasoro hiyo waziwazi mbele ya wanachama, ilhali wengi wao ndio waliokuwa wamevikusanya vikaratasi hivyo. Lakini aliitaja kwa hesabu, 50 kwa visivyotimia 5, na chanzo chake akakiona katika maagizo yaliyotolewa tangu awali, hakumsimanga msomaji yeyote. Kisha akaandika mwito mpya kwa wasomaji wa Uingereza na Marekani, akiwaomba wayakusanye pia maneno ya kawaida. Ukosoaji wake ulikuja na kipimo, chanzo na dawa. Wasomaji hawakususa, vikaratasi viliendelea kumiminika hadi vikahesabiwa kwa mamilioni.

Sasa nifikie miaka miwili ambayo ndiyo kiini cha makala haya, yaani 1883 na 1884.

Mwaka wa 1883 sehemu ya kwanza ya kamusi ilikuwa tayari kuingia mitamboni. Benjamin Jowett, mkuu wa Koleji ya Balliol na wakati huo Naibu wa Chansela wa Chuo Kikuu cha Oxford, aliamua kuitia mkono. Jowett alikuwa miongoni mwa wasomi wakubwa wa Kigiriki katika zama zake, na katika Oxford nzima hapakuwa na mtu mwenye sauti kuliko yake. Yeye na wajumbe wenzake wa bodi ya matbaa walimletea Murray mapendekezo: mifano kutoka magazetini ipunguzwe, maneno ya kisayansi na ya mitaani yabanwe, waandishi mashuhuri wapewe kipaumbele. Zaidi ya hayo, Jowett aliuandika upya utangulizi wa Murray na kutaka jina la kamusi libadilishwe.

Murray aligoma. Alikuwa maskini, mwenye watoto wengi na deni, na huyo aliyekuwa akimkatalia ndiye aliyeshika ufunguo wa riziki yake. Hata hivyo alitishia kujiuzulu kuliko kuyakubali. Sababu yake ilikuwa ya kitaaluma. Kamusi ya kihistoria huonyesha jinsi watu wanavyolitumia neno, na mara nyingi neno huonekana gazetini kwanza kabla mwandishi yeyote mashuhuri hajalitia katika kitabu. Kuyaondoa magazeti kungekuwa kuuondoa ushahidi. Rafiki yake Henry Hucks Gibbs, mtu wa benki aliyekuwa miongoni mwa wasomaji wa prufu, yaani kurasa za kusahihishwa kabla ya kupigwa chapa, aliingia kati kusuluhisha, na mengi ya mapendekezo yale yakaachwa.

Sehemu hiyo ya kwanza ilitoka mwanzoni mwa mwaka wa 1884, ikiwa na kurasa 352, kuanzia herufi A hadi neno ant, maana yake sisimizi. Miaka mitano ilikuwa imepita tangu mkataba, na kazi haijaimaliza hata herufi moja! Magazeti yaliipokea kwa sifa. Lakini katika jarida la Academy kulitokea tahakiki ndefu, iliyochapishwa kwa awamu mbili, Februari na Machi, ikiwa na jina la mtu asiyejulikana na wengi: Henry Bradley.

Bradley alizaliwa Manchester mwaka wa 1845. Chuo kikuu hakukiona. Kwa miaka ipatayo 20 alikuwa karani wa mawasiliano katika kampuni ya kutengeneza visu mjini Sheffield, na lugha alizozijua alijifunza mwenyewe nje ya saa za kazi. Yasimuliwa kwamba utotoni alijua kusoma maandishi yaliyopinduliwa juu chini kabla ya kujua kuyasoma yakiwa sawa, kwa sababu alikuwa akimtazama baba yake akisoma Biblia kutoka upande wa pili wa meza. Yasimuliwa pia kwamba tahakiki ile aliiandika juu ya kasha la mizigo, kwa kuwa ndio kwanza alikuwa amehamia London na samani zake hazijapangwa.

Tahakiki yenyewe iliisifu kamusi panapostahili sifa. Kisha ikaonyesha, neno kwa neno, mahali ambapo Murray alikuwa amekosea, hasa katika asili za maneno. Asili ya neno si jambo la kukisia. Yahitaji ujuzi wa lugha nyingi za kale na sheria za mabadiliko ya sauti. Katika hayo karani huyu alionyesha kwamba anamweza mhariri mkuu, na aliyaonyesha hayo hadharani, katika jarida lililosomwa na wasomi wa nchi nzima, wiki chache tu baada ya matunda ya jasho la miaka mitano kutoka.

Msomaji na ajiulize angefanya nini. Njia za kawaida twazijua. Mtu huweza kunyamaza akijifanya hakuiona tahakiki. Huweza kuandika jibu la kumuuliza mkosoaji ana shahada gani. Huweza pia kumtuma rafiki amshushe kwa niaba yake. Murray hakuifuata hata moja. Alimwandikia Bradley na kumwomba msaada. Katika muda mfupi Bradley alikuwa akishughulikia asili za maneno ya herufi B, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1880 alikuwa mhariri wa pili wa kamusi, mwenye wasaidizi wake mwenyewe. Murray alipofariki, Bradley ndiye aliyekuwa mhariri mkuu, hadi naye alipofariki mwaka wa 1923.

Tuyaweke matukio haya mawili bega kwa bega. Katika muda wa miezi michache, Murray alikosolewa na Naibu wa Chansela na akakosolewa na karani. Wa juu alimkatalia, wa chini akamkubali. Wala hakufanya hivyo kwa kuwachukia wakubwa. Yeye na Jowett walikuja kuwa marafiki, hata mmoja wa watoto wa kiume wa Murray akapewa Jowett miongoni mwa majina yake. Tofauti ilikuwa katika kilicholetwa mezani. Jowett alileta mapendeleo na cheo. Bradley alileta neno, lugha lilikotoka, na sheria iliyovunjwa. Murray alikuwa na mizani moja tu, nayo ni ushahidi, na katika mizani hiyo cheo cha msemaji hakina uzito.

Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa katika maisha ya mtu huyu. Tunapozungumzia ukosoaji tumezoea kujadili sauti: je, uwe mkali au mpole? Swali hilo lina nafasi yake, lakini ni la pili. La kwanza ni hili: ukosoaji huu umebeba nini? Maneno matamu yasiyo na ushahidi hayaisaidii kazi, na maneno makali yasiyo na ushahidi huiharibu. Neno lenye ushahidi, hata likija bila kupakwa asali, ni zawadi.

Zawadi za namna hiyo Murray alizipokea kwa miaka mingi kutoka kwa mtu mwingine, Fitzedward Hall. Huyu alikuwa Mmarekani aliyepata kuishi India na kusomesha Kisanskriti mjini London, kisha akajitenga kijijini mashariki mwa Uingereza baada ya ugomvi na wasomi wenziwe. Katika mijadala ya lugha kalamu yake ilikuwa kama wembe. Kwa takribani miaka 20, hadi alipofariki mwaka wa 1901, Hall alizisoma prufu za kamusi kwa saa kadha kila siku, bila malipo, akasahihisha na kuongeza mifano. Yeye na Murray hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Mtu ambaye vyama vya wasomi havikumweza, kamusi ilimweza, kwa kuwa humo ukali wake ulipata mahali pa kufanyia kazi.

Nisije nikamfanya Murray malaika. Alikuwa na kidonda kimoja ambacho hakikuguswa bila yeye kuruka, nacho ni mwendo wa kazi. Kila bodi ya matbaa ilipomhesabia kurasa na miaka alijiona anatukanwa. Alihamia Oxford mwaka wa 1885, akajenga Scriptorium ya pili katika bustani ya nyumba yake, na kwa kuwa jirani alilalamika kwamba kibanda kingeharibu mandhari, kikazamishwa ardhini karibu futi 3. Humo alifanya kazi kwa saa nyingi mno, katika baridi na unyevu, akiwa na watoto wake waliopanga vikaratasi kwa malipo kidogo. Mtu anayejitoa kiasi hicho huona vigumu kusikia kwamba anachelewa. Mvutano huo ulifika kilele mwaka wa 1896, bodi ilipotaka kuibana kamusi iwe fupi. Habari zikafika magazetini, umma ukaitetea kamusi, na bodi ikalegeza kamba. Lakini tukumbuke kwamba bodi nayo ilikuwa na hesabu zake. Kazi ya miaka 10 ilikuwa imepita mwaka wa 17, na fedha zilikuwa za chuo. Ukosoaji ule nao ulikuwa na ushahidi, na hapa Murray hakuupima kwa utulivu aliompimia Bradley. Nyani haoni kundule, na hata mwenye mizani bora huwa na siku ambayo hapimi.

Je, yeye mwenyewe alikosoaje akiwa mkubwa wa kazi? Katika Scriptorium meza yake ilikuwa juu ya jukwaa dogo, juu kidogo ya wasaidizi wake, na kazi mbovu haikupita. Wahariri wenzake pia, waliporefusha mno maelezo, walipata barua zake kali. Lakini alijua pia kukosolewa na mtu wa mbali asiye na cheo. Katika herufi B neno bondmaid, lenye maana ya mjakazi, liliachwa nje kwa sababu vikaratasi vyake vilipotea. Mwaka wa 1901 mtu aliandika kuuliza limekwenda wapi. Murray alijibu kwa kukiri kwamba limepotea, na kwamba jambo hilo linamfedhehesha. Hakusingizia nafasi wala hakulitafutia neno hilo kasoro. Liliingizwa hatimaye katika nyongeza ya mwaka wa 1933, yeye akiwa kaburini.

Murray alipewa heshima ya kuitwa Sir mwaka wa 1908, na alifariki tarehe 26 Julai, 1915, akiwa katika herufi T. Karibu nusu ya kamusi nzima ilikuwa imepita chini ya kalamu yake. Kazi ilikamilika mwaka wa 1928, ikiwa na zaidi ya kurasa 15,000, maneno zaidi ya 400,000 na mifano zaidi ya 1,800,000. Hata leo kamusi hiyo, ambayo sasa husomwa katika intaneti, bado inawaalika wasomaji waisahihishe.

Yatuhusu nini hayo sisi tulio Nairobi, Mombasa au Kisumu? Yatuhusu sana. Kiswahili nacho kiliundiwa kamati ya kukisanifisha mwaka wa 1930, kamati iliyohusisha Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Katika miaka yake ya mwanzo meza ya kamati hiyo haikuwa na mjumbe Mwafrika. Waliokijua Kiswahili kwa maziwa ya mama zao, wavuvi, masonara na walimu wa madrasa wa Lamu, Mvita na Unguja, walikuwa ndio akina Bradley wa lugha hii, lakini hapakuwa na mlango wa kuwaingiza. Kamati ilifanya kazi kubwa ambayo hatuwezi kuibeza. Hata hivyo, ukosoaji ambao ungeweza kuiboresha ulibakia barazani, ukasemwa kwa kicheko, nao haukufika mezani.

Siku hizi mezani tumo wenyewe, wala hatuwezi kumlaumu mkoloni kwa kimya chetu. Katika majopo yetu Profesa akisema, mhadhiri huinamisha kichwa. Mhadhiri akisema, msaidizi huandika tu. Mwalimu wa shule ya msingi, ambaye ndiye atakayekitumia kitabu na kuyajua maswali ya watoto, mara nyingi hakualikwa. Twajikinga kwa methali isemayo kwamba penye wazee haliharibiki neno. Mimi nasema, kwa unyenyekevu, kwamba neno huharibika papo hapo penye wazee, ikiwa wazee peke yao ndio wenye ruhusa ya kulisema. Na hasara hatuilipi sisi. Huilipa mtoto wa darasa la nne anayekariri maana isiyo sahihi, na mwalimu wake anayeadhiriwa mbele ya darasa na kitabu kilichopigwa muhuri.

Sipendekezi tutupe adabu. Adabu ya Mswahili ni hazina, na mkosoaji anayeanza kwa kumwamkia mzee wake hapunguzi ukali wa ushahidi wake. Ninachopendekeza ni taratibu chache. Kwanza, mswada ukosolewe kwa maandishi kabla ya kikao, kila kosa likitajwa ukurasa na sababu, ili pasiwe na nafasi ya kumwaga chuki kwa jumla. Pili, aliye mdogo kuliko wote mezani aulizwe kwanza, mwenyekiti aseme mwisho, kwa maana mkubwa akitangulia wadogo hubakia kuitikia. Tatu, aliyekosolewa ajibu hoja, na asiruhusiwe kumuuliza mkosoaji shahada zake. Nne, anayeonyesha makosa ya kweli katika kitabu kilichokwisha kutoka, hata awe msomaji wa kawaida, aalikwe katika kazi ya toleo linalofuata.

Hilo la nne ndilo litakalotushinda, nalo ndilo la maana zaidi. Twawajua watu wa namna hiyo. Wako Faza na Vanga, wako Kakamega na Machakos. Ni makarani, makondakta na walimu wastaafu ambao huandika barua ndefu kwa wachapishaji, wakiorodhesha makosa kwa ukurasa na mstari. Barua hizo zikifika huitwa kelele na kutupwa kapuni. Ningeomba kila mhariri, kabla ya kuitupa barua ya namna hiyo, aisome kwanza mpaka mwisho, kisha aangalie kama aliyeiandika ana nafasi ya kazi.